Kitabu cha Wageni Kisichotaja Shimo

Nilikaa siku tatu kwa mwenyeji mmoja karibu na Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Chumbani hakukuwa na televisheni, kwa hiyo usiku wa kwanza nilisoma kitabu cha wageni, daftari nene lililokaribia kujaa. Nimeamua kulihakiki kama kitabu kingine chochote. Ndilo andiko linalosomwa zaidi katika nyumba ile.

Sauti yake ni moja tu. Kuku wa kienyeji mtamu, mrenda mzuri, watu wakarimu, hewa safi. Ukifuta majina na tarehe, huwezi kujua nani aliandika nini. Hilo si kosa. Mgeni aliyelishwa akashiba ana deni la shukrani, na Kukhu, kama mwenyeji wangu anavyotaka aitwe, mapishi yake si mchezo. Shida yangu ni hii: katika daftari zima neno dhahabu nimelikuta mara nne, kila mara likiwa pambo. Kukhu ni dhahabu. Jua la jioni ni dhahabu. Shimo halimo kabisa.

Na shimo lipo, nyuma ya migomba, limefunikwa kwa mbao na mabati. Nilipofika tu Kukhu alinionya: "Mwanangu, usiku usipitie huko nyuma."

Dhahabu ilipatikana Kakamega mwaka 1931, Wazungu wakamiminika. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi waliyotengewa ni yao milele, na sehemu ikichukuliwa watapewa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha haraka, fidia ikawa pesa. Ile milele haikufika miaka mitatu. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini uchimbaji haukwisha. Hadi leo vijana hushuka mashimoni, kina mama huponda mawe, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu.

Kabla sijajifanya hakimu, niungame. Miaka minne iliyopita niliandika makala ya safari kuhusu eneo hili hili. Niliweka msitu, Jiwe Linalolia la Ilesi na fahali wanaopigana Khayega. Aya ya zebaki niliiandika, halafu nikaifuta mwenyewe. Niliogopa kuharibu Jumapili ya msomaji. Kwa hiyo daftari hili nalijua vizuri. Mimi ni mmoja wa waandishi wake.

Utasema kitabu cha wageni si mahali pa historia, na kwamba maneno ya mashimo yatamfukuzia mama wa watu wateja. Hata mimi nilidhani hivyo, nikamuuliza. Akacheka. "Baba mkwe wangu alifanya kazi huko chini. Wageni huniuliza mrenda unapikwaje, basi. Wakiuliza mengine nitawaambia."

Kumbe hakuna aliyeficha kitu. Sisi hatukuuliza.

Ukurasa mmoja tu ndio unaolikomboa daftari. Mwandiko ni wa mtoto, mistari imepinda. Anasema usiku alisikia kitu kikigonga chini ya ardhi, akamwamsha Kukhu, akaambiwa ni watu wako kazini. Basi. Hakuna sifa wala shukrani, lakini ndiyo maandishi pekee mle ndani ambayo yasingeweza kuandikwa mahali pengine. Makala yangu ile, ukibadilisha majina, ungeweza kuipeleka mji wowote wenye msitu.

Asubuhi ya kuondoka nilipewa kalamu. Nilianza na mrenda, maana ulikuwa mtamu kweli. Kisha nikaandika kwamba baba mkwe wa Kukhu alikuwa mchimbaji wa Rosterman, nikampa asome kwanza. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akanirudishia daftari.

"Hakuwa mchimbaji. Alisukuma toroli. Andika vizuri."

Nikakata neno, nikaandika upya.