Hongera, Fundi wa Chemba

Chemba yetu ya Sinza, inayopokea majitaka ya nyumba tatu, ilifurika Jumapili, majirani tukaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Fundi hakuuliza nani kamwaga nini. Alifunua mifuniko ya chemba za mstari huo mmoja mmoja akifuata mteremko: chemba ya pili imejaa, ya tatu kavu. “Basi lililoziba limo hapa katikati,” akasema, akaingiza fito kutokea kwenye ile kavu. Akasukuma, akavuta, akasukuma. Likatoka donge la mafuta ya kukaangia, limeganda kama sabuni, limekumbatia pempasi. (Kwetu hakuna mtoto mchanga, nilinyamaza kwa raha zangu.) Kisha yakaja maji kwa kishindo. Na mtu huyu ndiye tuliyemkata bei asubuhi! Hongera, fundi, na utusamehe.