Ile saa si ya Tippu Tip, na sikusaini

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu nikiwa Kabambare, kwenye mashamba ya mpunga. "Mwanangu, kuja Kasongo haraka. Kuna mnunuzi wa ile saa ya babu yako. Anataka tu mtu mwenye lisansi asaini karatasi." Nikapanda pikipiki. Njia ile mnaijua, sitaieleza.

Nilipofika karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Eti saa hii ya kale kutoka Ulaya ilikuwa mali ya Tippu Tip katika nyumba yake ya Kasongo. Chini waliacha nafasi tatu: jina, diploma, saini. Bei ilikuwa dola 600. Kwa hesabu ya nyumba yetu, hiyo ni minerval ya mdogo wangu wa kike kwa mwaka mzima, na kitu kinabaki cha kutengeneza bati.

Wandugu, mi ni agronome, si fundi wa saa. Lakini karatasi ni karatasi. Naomba tuichambue hapa kama vile juri inavyochambua TFC, maana najua wengi wenu mtaletewa karatasi kama hiyo siku moja, ya saa ao ya kitu kingine.

Tuanze na saa yenyewe. Ni ya ukutani, sanduku la mbao, ina pendulo, na kila robo saa inapiga ule wimbo wa Westminster. Nilifungua mlango wake, nikaangalia mashine kwa taa ya simu. Kuna alama: nyota ya ncha nane, katikati herufi J. Hiyo ni Junghans, kiwanda cha Schramberg, Ujerumani, kilichoanzishwa 1861. Kufikia hapo baba mdogo alifurahi: "Si unaona? 1861! Tippu Tip alikuwa hai."

Ndiyo, alikuwa hai. Lakini kiwanda kuwa na umri fulani haina maana kila saa yake ina umri ule. Ile nyota ya ncha nane Junghans waliiandikisha 1890. Na 1890 njo mwaka Tippu Tip aliondoka Kongo kurudi Zanzibar, ambako alifariki 1905. Hakurudi tena huku. Tena kuna ule wimbo: saa za nyumbani za Kijerumani zinazopiga Westminster juu ya fito za chuma zilienea katika karne ya 20, zaidi sana kati ya vita viwili vya dunia. Kwa hiyo mashine peke yake inakanusha karatasi.

Mnunuzi, mtu mwenye maneno mazuri, akasema: "Pengine ilikuwa ya Sefu, mtoto wake." Sawa, tuangalie hiyo pia. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893 mikononi mwa jeshi la Dhanis. Daktari wa jeshi lile, Sidney Hinde, aliandika kitabu kilichotoka 1897, na ndani anahesabu mali waliyokuta: hariri, mishumaa, sukari, viberiti, vyombo vya fedha na vya kioo. Ni kweli basi kwamba vitu vya Ulaya vilifika Kasongo mbele ya Wabelgiji. Lakini angalia anayehesabu ni nani: ni mshindi, na askari wake wanalalia magodoro ya watu walioshindwa. Mali ile ilinyanganywa. Halafu mji wenyewe ulihamishwa, ule wa zamani leo tunauita Tongoni. Baadaye kulikuja uasi wa 1964, vita vya 1996, vita vya 1998. Mtu anayesema kitu kimoja kilipita yote hayo bila kupotea, yeye njo anapaswa kuonyesha kilipitia wapi, kwa mkono wa nani. Karatasi haionyeshi mkono hata mmoja.

Hapa niseme kidogo kwa wale wanaotaka kununua saa za zamani, maana biashara hii ipo, kutoka huku mpaka Zanzibar, na udanganyifu wake unafanana. Usianze na uso wa saa, anza na mgongo. Tafuta alama ya kiwanda juu ya mashine, si juu ya uso, maana uso unabadilishwa kwa urahisi. Angalia kama sanduku lina matundu ya visi yasiyo na kazi: mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mashine imehamishwa kutoka sanduku lingine, na bei inapaswa kushuka. Visi vyenye kichwa cha msalaba vilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo ukivikuta kwenye saa inayoitwa ya 1880, angalau ujue kuna mkono uliopita baadaye. Saa za Gustav Becker zina namba, na namba 1,000,000 ilifikiwa 1892, hiyo inasaidia sana. Na ukifungua ukakuta betri, funga tu, aga watu, nenda nyumbani.

Kuhusu mbao, hapo niko nyumbani kwangu. Wauzaji wanapenda kuonyesha matundu ya wadudu kama cheti cha uzee. Mdudu hatoboi kwa mustari ulionyooka, njia yake inapinda ndani ya mbao. Ingiza sindano nyembamba: ikishuka moja kwa moja mpaka chini, mdudu huyo alikuwa na drili. Na ukiona unga mweupe mupya chini ya tundu, mdudu ni muzima, anakula bado, na ataingia mpaka kwenye kabati yako.

Saa ndogo za mezani zinazong'aa usiku, za mbele ya miaka ya 1960, usizifungue kabisa. Nyingi zilipakwa radiamu. Na kutoka 1922, radiamu nyingi ya dunia ilitengenezwa Olen, Ubelgiji, kwa madini ya Shinkolobwe, Katanga. Kumbe mtu anaweza kununua "saa ya Ulaya" na mishale yake ikawa inang'aa kwa udongo wa kwetu.

Na njo hapo hasa ninapoikosoa ile karatasi. Uongo wake unaniudhi, lakini kinachoniuma zaidi ni kile inachofuta. Mama mkubwa, dada ya baba, anajua saa ilitoka wapi. Babu alikuwa karani kwenye mizani ya pamba, miaka ya 1950. Aliinunua kwa mushahara wake, polepole, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anafunga duka. Pamba ile haikuwa pamba ya hiari. Amri ya 1917 iliruhusu serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima siku 60 kwa mwaka, na Maniema njo tulikuwa kati ya wa kwanza kulimishwa pamba. Babu aliandika kilo za watu waliotembea toka asubuhi na vikapu kichwani. Wengine walimpenda, wengine walimlaani. Akirudi nyumbani, anafunga saa yake kwa ufunguo, na mshale ukifika juu ya 7 asubuhi anasema "saa moja", kama sisi wote.

Hiyo ni historia ya ile saa. Ina aibu ndani na ina jasho. Nilimwambia baba mdogo tuiandike hiyo. Akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu, pamba haina bei. Mwarabu ana bei."

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo silipendi jibu langu. Tunapenda kusema Kasongo ilikuwa kubwa, na tunatafuta ukubwa wake ndani ya vitu vya tajiri. Hata Hinde, pamoja na macho yake ya mshindi, anasimulia kwamba alipanda mnyama akapita katikati ya shamba moja la mpunga kwa saa moja na nusu. Ule mpunga haukubebwa na askari wote ukaisha. Ungali unalimwa Kasongo na Kabambare, na mimi najua wanaoulima.

Sikusaini. Mnunuzi alitoa dola 80 bila karatasi, baba mdogo akakataa kwa hasira, na hasira ile iliniangukia mimi. Saa iko ukutani, inachelewa dakika kumi kwa siku. Mdogo wangu hajalipa bado, tunatafuta. Baba mdogo ananijibu salamu, lakini "mwanangu" ameiacha, sasa ananiita "mwenye lisansi".

Tulipewa diploma kusudi saini yetu iwe na uzito. Nilijua hilo tangu siku ya kolasyo. Sikujua kwamba wa kwanza kuupima uzito ule atakuwa mtu wa nyumbani, na kwamba atakuwa na shida ya kweli mkononi.