Akili na Wanyama wa Ndoto: Uhakiki wa Katuni ya Watoto Chini ya Kilimanjaro

Hadithi ya mnyama asemaye ni shule ya kwanza ya mtoto wa Afrika Mashariki. Kabla hajaijua herufi, amekwisha kumjua sungura. Na kabla hajaambiwa kuwa dunia ina wenye nguvu na wanyonge, amekwisha kusikia jinsi mnyonge alivyomshinda mwenye nguvu kwa maneno matupu. Kwa sababu hiyo, mtu abadilishaye wanyama wa mtoto hubadilisha pia somo lake la kwanza juu ya maisha. Jambo hili halina budi kukumbukwa katika kuipima Akili and Me, katuni ya televisheni iliyotungwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambayo mtoto wake mkuu anakaa na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro.

Ubongo ilianzishwa mwaka 2013. Kazi yake ya kwanza, Ubongo Kids, ilianza kuonyeshwa 2014 kwa watoto wakubwa kidogo; Akili and Me ikafuata 2016 kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Ili kuona uzito wa tarehe hizo yafaa kukumbuka kwamba televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata katuni zilizoonyeshwa zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za ng'ambo, na wanyama wake walikuwa wa misitu ya nchi za baridi. Mtoto wa Moshi aliweza kumjua dubu kabla ya kumjua mbega akaaye msituni juu ya kihamba cha babu yake. Basi kupatikana kwa katuni iliyochorwa nchini, isemayo Kiswahili, na kuuweka mlima wake katika mlango wa hadithi, ni jambo lisilostahili kupitwa kwa haraka.

Mpango wa kazi ni mwepesi. Akili ni binti wa miaka minne. Mchana huishi na wazazi kama mtoto mwingine yeyote. Usiku, akiisha kushikwa na usingizi, huingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, ambako hukutana na rafiki zake wanyama. Miongoni mwao wamo kiboko, mwanasimba, na komba. Pamoja nao hujifunza hesabu, herufi, uchoraji na wema, aghalabu kwa nyimbo.

Jina la binti lataka kutazamwa kwanza. Kumpa mtu wa hadithi jina la sifa si jambo geni katika Kiswahili. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, Shaaban Robert alimwita mwema Adili, na nduguze wawili akawaita Hasidi na Mwivu. Hivyo msomaji aliijua njia ya kila mmoja tangu kutajwa kwake. Lakini pana tofauti kubwa. Katika kitabu hicho sifa njema husimama mbele ya sifa mbaya, na mapigano yao ndiyo hadithi yenyewe. Akili hana Ujinga wa kupambana naye. Yuko peke yake na jina lake, na walio karibu naye wote wamtakia heri. Jina lililokuwa silaha kwa Shaaban Robert limekuwa hapa nguo ya sikukuu.

Ndivyo ilivyo pia kwa wanyama. Katika Adili na Nduguze mtu hugeuka nyani kwa adhabu ya dhambi yake, na unyama ni jela ya mwanadamu. Katika hadithi za masimulizi mnyama si mfungwa, lakini ana njaa. Edward Steere, katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili uliochapishwa 1870, aliiandika hadithi ya kima na papa: papa amchukua kima mgongoni ili moyo wake ukawe dawa ya sultani wao, naye kima ajiokoa kwa kusema kwamba moyo ameuacha nyumbani mtini. Urafiki wa wawili hao ulikuwa wa kweli mpaka siku haja ilipoingia kati yao. Mtoto aliyeisikia hadithi hiyo alicheka. Na katika kucheka akajua kwamba rafiki aweza kuwa na shida iliyo kubwa kuliko urafiki wake, na kwamba akili ni kitu cha kuokolea roho.

Milima nayo haikupungukiwa na hazina hiyo. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyekaa miaka mingi Moshi ya Kale, alichapisha mwaka 1914 kitabu kikubwa cha hadithi na ngano za Wachaga. Waliosimulia ngano hizo waliishi karibu na msitu. Chui hakuwa mfano wa maneno kwao, bali jirani aliyeweza kuja zizini.

Katika Lala Land njaa haipo. Simba ni mtoto, kiboko ni mchangamfu, na hapana amlaye mwenzake. Mtetezi aweza kusema kwamba hivyo ndivyo itakiwavyo kwa mtoto wa miaka minne. Hoja hii ina haki yake, walakini haimalizi neno. Katika Uingereza, mwaka 1993, ilianza kuonyeshwa katuni iitwayo The Animals of Farthing Wood, iliyotoka katika vitabu vya Colin Dann. Wanyama wa msitu unaobomolewa wanahama pamoja, mbweha na panya, bundi na sungura. Na kabla ya kuondoka wanakula kiapo kwamba hapana atakayemla mwenzake safarini. Kazi hiyo ilikusudiwa watoto wakubwa kuliko wa Akili, na vifo vyake ni vingi mno kwa mtoto mchanga. Lakini imefahamu jambo moja: amani ya wanyama ina thamani kwa kuwa mwenye meno ameyazuia. Amani ya Lala Land haikumgharimu mtu kitu. Wema ufundishwao na simba asiyejua nyama ni wema mwepesi, na mtoto atakapokutana na mwenye meno shuleni au sokoni, huenda asikumbuke lolote aliloambiwa na simba huyo.

Mlima wenyewe wataka maswali pia. Mtu apandaye kutoka Moshi hupita vihamba, migomba juu ya kahawa, na maji ya mifereji. Kisha huingia katika msitu, na juu ya msitu huja nyika ya baridi, mawe, na mwisho Kibo, kwenye urefu wa mita 5,895. Msitu huo, ambao mwaka 2005 uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, una watu wake wa manyoya. Yumo mbega mwenye joho jeupe. Yumo perere, mnyama mdogo ambaye kilio chake usiku humtisha mgeni akadhani ni cha mnyama mkubwa. Yumo minde, paa mweusi mwenye haya, asiyepatikana popote duniani ila katika milima ya Tanzania. Wanyama hawa wangetosha kujaza ndoto za watoto wengi. Simba na kiboko ni wa tambarare na mito ya chini. Nao ndio wanyama ambao mgeni yeyote huutambua ulimwengu wa Afrika kwao. Kazi imempa binti nyumba mlimani, kisha ikampa rafiki walio katika kila picha ya watalii. Hivyo Kilimanjaro wawa hatarini kuwa kibao cha njia: waonyesha nchi gani, hauonyeshi mahali gani.

Hata hivyo, kati ya rafiki hao yuko mmoja aliyechaguliwa kwa bahati njema, naye ni komba. Komba ni wa msituni, na hukaa katika mlima huo. Mchana hulala, jua likiisha kuchwa hufumbua macho yake makubwa, akalia kama mtoto mchanga. Kwa hiyo yeye peke yake ana haki ya asili ya kumpokea mtoto katika ndoto, maana huamka saa ile ile mtoto alalapo. Tena Waswahili wa pwani wamjua kwa aibu yake: hunywa tembo la mnazi lililogemwa, na mlevi hufananishwa naye. Mnyama mwenye macho ya usiku, kilio cha mtoto na udhaifu wa mzee ni mtu kamili wa hadithi. Yeye aonyesha kwamba mpango wa kazi hii waweza kubeba zaidi ya uliotwikwa.

Na mpango huo, kwa kweli, ni mzuri kuliko udhaniwavyo. Mahali pengi pa Afrika Mashariki hadithi ilikuwa kazi ya usiku. Mtoto alikatazwa kuitaka mchana, wakati wa jembe na ng'ombe. Ilianza kwa mwito na kuitikiwa, ikachanganywa na wimbo, ikaishia usingizini. Akili and Me imeushika usiku, wimbo na usingizi. Kilichokosekana ni mwitikio wa kweli, kwa sababu televisheni yaweza kumwuliza mtoto lakini haiwezi kumsikia. Upungufu huo si wa watunzi. Wapaswa kujazwa na mzazi aketiye kando ya mtoto.

Haki yataka faida isemwe pia. Uchunguzi wa Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliofanywa Morogoro na kuchapishwa 2018, ulionyesha kwamba watoto walioitazama Akili and Me waliwapita wenzao walioonyeshwa vipindi vingine katika kuchora, kujua maumbo, kutambua namba, kuhesabu, na maneno ya Kiingereza. Hayo si madogo, hasa kwa mtoto asiyekuwa na kitabu nyumbani. Lakini yapimwayo hivyo ni ya darasani. Hapana mizani ya namna hiyo ya kupima kama mtoto amejifunza kumtambua papa katika rafiki, wala ya kujua kama ameupenda msitu wa kwao.

Kwa hiyo hukumu ya haki ni hii. Akili and Me imefanya kazi njema ya mwalimu, na imefungua mlango ambao kabla yake ulikuwa umefungwa. Bado haijafanya kazi yote ya msimulizi. Mwalimu humwondolea mtoto hofu ili ajifunze. Msimulizi humpa hofu ndogo, yenye mwisho mwema, ili aijue ile kubwa itakapomfikia. Kazi hizi mbili si maadui, na zamani zilifanywa na bibi mmoja, penye moto mmoja. Binti aitwaye Akili astahili kukutana, japo usiku mmoja, na mnyama ambaye mbele yake jina hilo litamfaa. Na msitu ulio juu ya nyumba yake wanao wanyama wa namna hiyo tayari.