Mwenye Dau Hatoi Risiti

Chokocho, kusini mwa Pemba, ni mahali pa kungojea dau. Mhadhiri aliyekuja kumwangalia mwanafunzi wake anayefanya mazoezi ya kufundisha Kisiwa Panza huvua viatu hapo, hukunja suruali, hupanda, na akishavuka humpa mwenye dau chake. Mwenye dau hana kitabu cha risiti, wala hana sababu ya kuwa nacho. Wiki tatu baadaye, Unguja, nauli ile iliyo ndogo kuliko zote katika safari nzima ndiyo inayolizuia faili mezani kwa mhasibu.

Nimewahi kuwa mwenye faili la namna hiyo, na nimekaa na wahasibu wanaoyapokea. Sikumkuta mtu mbaya upande wowote. Nilichokikuta ni utaratibu uliotungwa kwa ajili ya mji wenye maduka na mashine za risiti, kisha ukapelekwa visiwani bila kubadilishwa.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza masomo 2001, kina makao makuu Tunguu, Unguja, na kampasi Mchangamdogo, Pemba. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina kituo Pemba. Kwa vyuo vilivyogawanyika hivi, kuvuka bahari ni sehemu ya kazi yenyewe: wahadhiri huja kufundisha, mitihani husafirishwa na kusimamiwa, wakaguzi wa ndani hufuata vitabu, na msimu wa mazoezi ya kufundisha ukifika watu hutawanywa skuli kwa skuli, kuanzia Konde mpaka Kojani mpaka Makoongwe. Kila anayevuka kwa kazi ya taasisi ya umma ya Zanzibar huwa amebeba fedha inayoongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma Namba 12 ya mwaka 2016.

Fedha hiyo ni ya namna mbili, japo hutoka kwa ombi moja. Ya kwanza ni posho ya kujikimu, ambayo ina kiwango chake kwa kila usiku. Ukilala nyumba ya wageni Chake Chake au ukalala kwa shangazi yako Wete ukala muhogo na samaki, posho ni yako na hakuna anayekuuliza. Ya pili ni masurufu, yaani fedha unayopewa kwa dhamana ya shughuli: mafuta, kukodi gari, nauli za njiani, karatasi. Hiyo si yako mpaka uonyeshe ilikokwenda. Vitabu huiita kazi hiyo kurejesha masurufu. Maofisini watu husema kuritaya. Asiyerejesha kwa wakati anaweza kukatwa katika mshahara na kunyimwa fedha ya safari nyingine, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kule Bara zimeshazoea kuwa na hoja ya masurufu yasiyorejeshwa.

Ombi lenyewe hupita milango mingi. Mkuu wa idara huandika dokezo, bajeti hutazamwa kama kifungu kina fedha, afisa masuuli au aliyekaimu huidhinisha, uhasibu huandaa hati ya malipo, mkaguzi wa ndani huipitia, ndipo benki. Kila saini ina siku yake, na mwenye saini naye yumo safarini. Boti ya asubuhi haingoji saini. Mwanafunzi kule Kojani ameshaandaa somo, tarehe ya kumwangalia imepangwa, na mkuu wa idara anasema maneno ambayo kila mtumishi wa chuo ameyasikia: nenda kwanza, utarudishiwa.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Tuseme safari ya siku tano inameza shilingi 600,000. Mhadhiri msaidizi anazitoa mfukoni, anarudi, anapeleka madai, na madai yanakaa miezi miwili. Kabla hayajalipwa ametumwa tena. Sasa anakidai chuo shilingi 1,200,000, wakati kodi ya nyumba na karo za watoto zinamngoja yeye. Huo ni mkopo, hauna riba wala mkataba, na mkopeshaji ndiye mnyonge. Profesa anaweza kuubeba. Mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa mwaka jana hawezi, kwa hiyo ama anakopa kwa jamaa, ama anatafuta udhuru wa kutokwenda, na mwanafunzi wa kisiwa cha mbali anaangaliwa mara moja badala ya mara tatu. Chuo hakitaliona hilo katika hesabu zake, kwa sababu kwenye hesabu inaonekana fedha imeokolewa.

Dereva anayewapeleka wahadhiri naye ana lake. Kule Bara, viwango vilivyoanza Julai 2022 vilipandisha kima cha juu cha posho ya safari za ndani kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000, na kima cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000. Posho ya aliye juu ilipanda hadi zaidi ya mara mbili na ya aliye chini iliongezwa robo tu, ilhali chumba cha kulala hakina bei ya cheo. Anayeshika usukani na kurudisha watu salama ndiye anayelazimika kuhesabu kila sahani ya wali.

Turudi kwenye risiti. Ifuate safari ya Kisiwa Panza tangu bandari ya Malindi. Tiketi ya boti mpaka Mkoani imechapwa, ina jina na tarehe, na ndiyo karatasi bora kuliko zote zitakazoingia kwenye faili. Jina hilo lina uzito kwetu. Meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, waliookolewa peke yao walizidi 600, na orodha ya abiria haikuweza kutuambia ni akina nani hasa walikuwemo. Watu wa Pemba wanajua gharama ya karatasi isiyolingana na watu. Ukishatoka bandarini Mkoani, karatasi zinakwisha. Gari ya abiria nambari 603 ya kwenda Chake haitoi tiketi ya kuwekwa kwenye faili. Bodaboda wa kuingia vijijini hatoi. Mwenye dau hatoi.

Mhasibu anadai risiti kwa sababu mkaguzi atamdai yeye. Basi mtumishi mwaminifu, aliyelipa kweli, anakwenda duka la vifaa vya ofisi, ananunua kitabu cha risiti na kuandika mwenyewe: nauli ya dau, kwenda na kurudi. Anatia saini ya mtu ambaye hakuwepo. Fedha ilitumika sawasawa, na karatasi ni ya uongo. Akishafanya hivyo mara tano mkono unazoea, na siku ya sita kiasi kinaongezeka kidogo. Sidhani watu wa vyuo vyetu waliajiriwa wakiwa wadanganyifu. Wengine wamefundishwa na fomu.

Wenzetu walishaliona tatizo hili. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, unaowasafirisha wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu, hulipa nauli kwa madaraja ya umbali: kilomita 100 hadi 499 kiwango hiki, 500 hadi 1,999 kiwango kile. Msafiri haonyeshi alilipa kiasi gani. Anaonyesha kwamba alifika na kazi ikafanyika, kwa cheti cha taasisi iliyompokea. Mzigo wa ushahidi umehamishwa kutoka kwenye bei kwenda kwenye kufika.

Pemba ni rahisi zaidi kuliko Ulaya. Visiwa vidogo vyenye skuli vinahesabika, na nauli ya dau inajulikana na kila mtoto wa Chokocho. Mhasibu mmoja na mhadhiri mmoja wakizunguka siku mbili wataandika jedwali zima: Kisiwa Panza kiasi gani, Kojani kiasi gani, Makoongwe kiasi gani, bodaboda kutoka barabara ya lami mpaka skuli kiasi gani. Afisa masuuli aliidhinishe na lipitiwe upya kila mwaka. Nauli hizo ziingizwe kwenye posho, zilipwe kabla ya safari, na masurufu yabaki kwa mafuta na kukodi gari, ambako risiti ya mashine inapatikana na inapaswa kudaiwa bila huruma.

Na ushahidi wa kufika upo tayari. Mhadhiri anapomwangalia mwanafunzi darasani hujaza fomu ya tathmini yenye jina la skuli, tarehe, somo, muda wa kipindi na saini ya mwalimu mkuu, na mara nyingi muhuri wa skuli. Hakuna risiti ya dau inayoweza kuthibitisha zaidi ya hapo kwamba mtu huyu alivuka maji siku ile. Fomu hiyo hupelekwa idara ya elimu ikaingizwa kwenye alama za mwanafunzi. Risiti ya kuandikwa kwa mkono hupelekwa uhasibu. Kinachohitajika ni nakala moja ya fomu ipite ukumbini, mlango wa pili kushoto, ibanwe nyuma ya hati ya malipo.