Bakuli la Friberg: jina ao mkono?

Kuna watu wanaosema chombo cha udongo ni chombo tu, na kwamba sanaa ni kazi ya mchongaji ao mchoraji. Sisi hatukubali. Tuchukue bakuli moja la inchi ya Sweden, la miaka ya 1950, lililotoka mikononi mwa Berndt Friberg (1899–1981) katika kiwanda cha Gustavsberg, karibu na Stockholm. Tuone kama maneno hayo yanasimama.

Kwanza, udongo. Hii si nyungu ya moto wa wazi, ile inayonyonya maji. Udongo wake ulichomwa katika tanuru kwa joto la digri zaidi ya 1.200, mpaka ukashikamana kama jiwe. Juu yake walipaka unga wa mawe uliokorogwa na maji. Motoni ule unga unayeyuka, unakuwa ngozi ya kioo. Kwa Friberg ngozi hiyo haiwake-wake. Imetulia, na ndani yake mistari myembamba inashuka kama manyoya ya sungura. Namna hiyo ilitoka China, kwa wafinyanzi wa enzi ya Song (960–1279). Basi mtu asituambie kwamba uzuri wa Sweden ulijizaa wenyewe.

Pili, umbo. Mguu ni mdogo, tumbo linafunguka polepole, mdomo ni mwembamba. Hakuna ua, hakuna mnyama aliyechorwa. Njo nguvu yake: kosa lolote la mkono lingeonekana mara moja, kwani hakuna pambo la kulificha.

Sasa neno lenye uzito. Friberg aliingia Gustavsberg mwaka 1934 kama fundi wa gurudumu. Wengine, kama vile Wilhelm Kåge, walitoa mawazo, yeye alizungusha. Jina lilikuwa la mwenye wazo. Katika miaka ya 1940 njo alianza kutoa vyombo vyenye jina lake, akivifinyanga yeye mwenyewe. Kule Milano alipata medali ya zahabu mwaka 1951 na 1954. Mkono ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni jina chini ya bakuli.

Tuna lawama pia. Tangu 1937 kiwanda kilikuwa mali ya KF, ushirika wa wanunuzi, watu wa kawaida waliotaka vyombo vizuri kwa bei ndogo. Bakuli linalofanywa moja moja haliwezi kuingia kila nyumba. Na leo mwenye feza analigeuza kwanza, asome sahihi, mbele ya kuangalia umbo. Juu ya nini? Jina ni haki ya fundi, lakini halihukumu kazi.

Sisi tunasema: bakuli litazamwe kwanza likiwa limekaa sawasawa. Kisha tulipindue. Na pale tunaposoma jina la mwenye wazo peke yake, tuulize: nani alizungusha?