Ukaguzi wa Ncha

Kingamwili ndizo zinazosifiwa, lakini huchukua siku kadhaa kutengenezwa kwa wingi. Mimi huvutiwa zaidi na kazi inayofanyika kabla ya hapo, ndani ya seli iliyokwisha kuvamiwa.

Kazi yenyewe ni ngumu. Kirusi cha mafua huundwa kwa malighafi ya seli ile ile, na maagizo yake yako kwenye RNA, ambayo seli nayo huitumia kila dakika. Mgeni atajulikanaje? Seli haihangaiki na maandishi, hukagua ncha. RNA zake za ujumbe huvishwa kofia ya kikemikali kabla hazijatoka kwenye kiini. Zile anazonakili mvamizi mara nyingi hubaki na fosfeti tatu wazi. Protini iitwayo RIG-I huinasa ncha hiyo, hasa pale nyuzi za RNA zinapolaliana mbili mbili.

Kirusi cha mafua nacho ni kijanja: hukata kofia za RNA za seli na kuzivisha jumbe zake. Lakini vipande 8 vinavyobeba urithi wake havina kofia, na humo ndimo kinamokamatwa.

Hapo seli hutoa intaferoni, protini ya kuzitahadharisha seli jirani. Waliigundua Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko Mill Hill, London, mwaka 1957. Waliweka virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto pamoja na vipande vya utando wa yai la kuku, kisha wakaona kwamba majimaji yaliyobaki yanaukinga dhidi ya virusi utando mwingine, ambao haujaguswa na chochote.

Seli jirani zikipata intaferoni hujijaza vimeng'enya vikali, navyo hutulia tu. Mpaka RNA ya nyuzi mbili itokee! Ikitokea, kimoja husimamisha utengenezaji wa protini. Kingine huamsha kimeng'enya kiitwacho RNase L, ambacho hukatakata RNA ya kirusi na ya mwenye nyumba bila kubagua. Silaha ya namna hiyo kukaa tayari bila kufyatuka, kwangu huo ndio ustadi wenyewe.

Mwenye mwili hulipia. Wagonjwa wa homa ya ini waliotibiwa kwa sindano za intaferoni walipata homa, baridi na maumivu ya misuli kama wenye mafua, bila kirusi cha mafua hata kimoja.