Pini Isemayo "Papa Hapa"

Muulize mtu wa Mombasa ngome ya Fort Jesus iko wapi. Akiwa anaiona atakwambia pale. Akiwa anakuonyesha upande tu atasema kule, na akizungumzia mizinga iliyomo ndani ya kuta atasema mle. Ngeli ya mahali, PA-KU-MU, tuliimeza shuleni bila kuitafuna: PA ni mahali dhahiri, KU ni eneo lisilo na mipaka, MU ni ndani. Nimeikumbuka juzi nikiwa nimeinamia kompyuta, nafunga, yaani naunganisha, orodha ya sehemu za Mji wa Kale kwenye ramani ya programu ndogo ya Windows. Ramani ile, kwa jinsi nilivyoifunga, ilijua PA peke yake.

Tuanze na fani. Upande mmoja kuna orodha: kila sehemu ina jina, maelezo na namba mbili. Upande wa pili kuna kidude cha ramani, kitupu. Katikati kuna mistari michache ya XAML, lugha ya kuandikia sura ya programu za Windows, inayoagiza kwamba kila kilichomo kwenye orodha kichorewe pini, na pini ikae namba zinapoelekeza. Walimu wa fasihi walituonya tusitenganishe fani na maudhui. Hapa utengano ndio kazi yenyewe: data haijui itachorwaje, pini haijui inasimama badala ya nini, na fundo linaloviunganisha ni jembamba mno kwa mzigo linaoubeba.

Namba za Fort Jesus ni -4.06 na 39.68, latitudo kisha longitudo. Ondoa kile kistari cha hasi, ngome inahamia kusini mwa Ethiopia. Geuza mpangilio (na ni rahisi kuugeuza, kwa kuwa GeoJSON, muundo uliowekewa kanuni rasmi mwaka 2016, hutanguliza longitudo ilhali ramani ya Google hutanguliza latitudo), ngome inatua Hispania, kilomita 20 hivi kusini mwa Toledo. Nilicheka peke yangu nilipoiona huko. Ujenzi wake ulianza 1593, Ureno ikiwa chini ya mfalme wa Hispania. Nilikuwa nimemrudishia mwenyewe mali yake. Usipojaza kitu kabisa, namba zote mbili zinabaki sifuri na pini inaelea Ghuba ya Guinea, maana kwa kompyuta "sijaambiwa" na "sifuri" vimeandikwa sawasawa.

Katika makosa yote matatu hakuna onyo linalotokea. Pini iliyopotea ina rangi ileile na ncha ileile ya pini iliyofika. Mtu anayebahatisha njia utamsikia kwenye sauti: atavuta maneno, ataongeza "nadhani". Pini haina "nadhani".

Ile ncha yenyewe inastahili kutazamwa. Pini nyekundu yenye umbo la tone ilibuniwa na Jens Eilstrup Rasmussen kwa ajili ya Google Maps mwaka 2005, na mwaka 2014 jumba la MoMA la New York likaiingiza kwenye hazina yake ya sanaa. Ni haki yake. Kichwa kinaonekana kwa mbali, ncha inagusa padogo, na kile kinachoonyeshwa hakifunikwi. Ila kompyuta haijui ncha ni nini. Kwake picha ni mstatili mtupu. Katika ramani ya Windows 10, usipoiambia lolote, kinachobandikwa mahali palipotajwa ni kona ya juu kushoto ya picha. Ili ncha iguse, lazima uandike 0.5 na 1, yaani nusu ya upana na mwisho wa urefu.

Mimi sikuandika. Picha yangu ilikuwa na upana wa pikseli 40 na urefu wa 60. Nikiikaribia ramani, kosa lilikuwa la makumi ya mita tu, nisingeligundua. Nikaivuta nyuma hadi Kenya nzima ikaenea kwenye kioo. Ncha ikateleza kutoka ukutani, ikaingia majini, ikaendelea kusini hadi ikawa inaelea baharini karibu na Pemba. Data haikubadilika hata tarakimu moja. Pikseli 60 ni zilezile, ila sasa kila moja ilibeba zaidi ya kilomita. Maudhui yalikuwa sahihi, fani ndiyo iliyodanganya, na ilidanganya kwa kiwango kilichotegemea umbali wa msomaji.

Kuna pia suala la njeo. Ufungaji ulioandikwa kwa x:Bind, agizo la XAML la kuunganisha data na sura, usipoutolea maelekezo, husoma namba mara moja na kunyamaza: ni "-li-". Kwa ngome hilo halina neno. Kwa bodaboda anayekuletea chakula, pini itamwonyesha alipokuwa, huku wewe unasoma alipo.

Lakini umbo ninalolipenda kuliko yote kwenye ramani hizi si pini. Ni lile duara hafifu la bluu linalozunguka kitone cha mahali ulipo. Linatanuka ukiwa kati ya magorofa, linajikunja ukifika uwanjani. Watu wengi hulichukulia kama pambo, kumbe ndilo KU. Simu za Android hutoa kila kipimo cha mahali pamoja na nusu kipenyo cha duara hilo, kwa mita, na maelezo yake yako wazi: kuna uwezekano wa asilimia 68 kwamba umo ndani yake. Yaani karibu mara moja katika kila tatu, uko nje ya duara.

Namba hiyo ya tatu huja pamoja na mbili za kwanza, bure, ndani ya kifurushi kimoja, na mara nyingi mtengenezaji wa programu huiacha humohumo bila kuifunga popote. Ndipo mteja anapomwona dereva "amefika" ilhali yuko mtaa wa pili, na simu inapigwa: "Mbona sikuoni, kaka?" Kisha wawili hao wanarudi kwenye lugha ("nyuma ya msikiti, geti jeusi") na wanakutana.

Mimi nimeshairekebisha programu yangu. Fort Jesus imebaki na pini, kwa sababu haihami. Mtumiaji anayetembea nimemchorea duara. Nawe unayetengeneza programu ya kuonyesha watu walipo, fungua kifurushi chako uitafute ile namba ya tatu, imo.